Talaka Haina Matanga

Mwanamke wa Unguja akifiwa na mume, kabla jeneza halijafika makaburini Mwanakwerekwe mambo yake yote yameshapangwa na watu ambao hakuwatuma. Yupo atakayemtandikia mkeka chumba cha ndani, yupo wifi atakayelala naye, wapo majirani walioshagawana zamu za kupika. Tangu saa hiyo yeye ni kizuka. Amewekewa miezi minne na siku kumi, na hata mtoto mdogo wa mtaani anajua kwamba bibi yule hatoki ovyo, hajitii manukato, havai mapambo, na kwamba iko siku inayojulikana ambayo atatoka.

Mwanamke huyohuyo akiachwa, anapewa karatasi. Anafunga nguo zake, anachukua vyombo vyake na watoto walio wadogo, anarudi kwao. Jioni ile hakuna anayemletea hata birika la chai. Wanaokuja wanakuja kuuliza kulikoni.

Nimeyaona yote mawili ndani ya nyumba moja, mtaani kwetu Malindi. Nilifiwa mimi, na haukupita muda mrefu akaachwa binti yangu. Mume niliyeishi naye tangu ujana wangu alikuwa chini ya ardhi; mume wa binti yangu alikuwa mzima, anapita mjini na gari yake. Kwa hesabu ya watu, mwenye mzigo mzito ni mimi. Lakini mimi ndiye niliyesimama mwanzo. Yeye alichelewa sana kurudi kula akashiba na kulala akasinzia, na sababu haikuwa uchache wa moyo, maana ana moyo mkubwa kuliko wangu. Sababu niliiona katika kile ambacho mji wetu ulinipa mimi na yeye ukamnyima.

Nieleze eda kwa ndani, kwani inasemwa zaidi na wasioikaa. Wanaoiangalia kwa nje huona mlango uliofungwa. Mimi nilichokiona kwanza ni kwamba nimepumzishwa maamuzi. Sikuulizwa kipikwe nini, umeme ulipwe na nani, mgeni apokewe vipi. Matanga ya siku tatu yalikwenda mikononi mwa wengine: wali ulitoka nyumba ya tatu, mchuzi ukatoka Kiponda, sufuria kubwa zikarudi kwa wenyewe zimeshaoshwa. Hitma ikasomwa. Baada ya hapo watu walipungua, lakini hawakukatika. Jirani yangu wa chini alikuwa akipanda ngazi kila baada ya Alasiri na bakuli la uji wa mtama, au chai na boflo, akakaa. Siku nyingi hakusema neno. Wifi yangu alilala miguuni pangu mpaka nilipomwambia mwenyewe, "Wifi, sasa nenda ukaangalie watoto wako."

Pamoja na kukaa huko kulikuwa na kazi. Marehemu alikuwa na duka Darajani, la misumari, bawaba, kufuli na rangi. Mimi maisha yangu yote nilisomesha skuli, duka nilikuwa nikilipita tu. Mwanangu wa kiume aliniletea daftari la mikopo akaniambia, "Mama, humu hatuelewi kitu." Kweli halikuwa na majina. Liliandikwa "fundi mrefu", "yule wa Jang'ombe", "mlango wa bluu". Nikawa kila asubuhi nakaa na daftari lile nikikumbuka mazungumzo yake ya usiku, nani alijenga wapi, nani alimsumbua kulipa. Kwa kuwa mafundi hawakuweza kuja kukaa na kizuka, walituma wake zao. Mwanamke anaingia, anatoa pole, anakaa kidogo, kisha anafungua fundo la kanga na kusema mume wake amemwambia alete deni la marehemu. Hata "mlango wa bluu" alipatikana, na deni lake alilileta mama yake.

Kwa hiyo asubuhi nilikuwa mfanyabiashara na jioni nilikuwa mjane. Ukifika Magharibi nililia, tena nililia kwa sauti, na hakuna aliyenikataza. Asubuhi daftari likanirudisha.

Baadaye nilisoma kwamba watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliandika mwaka 1999 juu ya jambo hilihili. Walisema aliyefiwa anayepata nafuu hatembei njia moja iliyonyooka. Anakwenda na kurudi: mara anaelekea kwenye msiba wake, anamkumbuka mtu wake, analia; mara anaupa kisogo, anashughulika na maisha mapya, bili, watoto, kazi aliyokuwa akifanya mwenzake. Anayelia tu mchana na usiku hudhoofika, na anayejitia kazi tu asilie hata siku moja naye huwa ameuahirisha mzigo. Kinachomponya mtu ni kule kwenda na kurudi. Niliposoma nikamkumbuka jirani yangu na uji wake, aliyekuwa akija saa ileile kila siku, kazi imekwisha na kilio hakijaanza.

Hapa niseme neno kuhusu zile ngazi tano za msiba ambazo siku hizi vijana wetu wanatumiana kwenye simu: kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni nzito, kisha kukubali. Zinatoka kwa Elisabeth Kübler-Ross, daktari mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1969. Alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe, si kwa wajane wala walioachwa. Nazitaja kwa sababu nimemsikia msichana akijilaumu kwamba hajapata hasira, kwa hiyo labda msiba wake haukwenda sawa. Mwanangu, hasira si faradhi. Wengine hawaipati kabisa, wengine huanza nayo na wengine humaliza nayo.

Na tusifikiri ni vifo peke yake vinavyomtikisa mtu. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walipanga orodha ya mabadiliko 43 ya maisha na kuyapa uzito. Kufiwa na mume au mke kulipewa alama 100, talaka 73. Kufukuzwa kazi kulipata 47, kustaafu 45. Lililonishangaza ni kwamba kuoa na kuolewa nako kumo, alama 50. Kila badiliko, hata la furaha, linamlazimisha mtu ajipange upya, na kujipanga upya kunachosha mwili. Sisi Waunguja hilo la ndoa tulilijua zamani. Ndiyo maana bibi harusi anapewa somo wa kumfunza na kukaa naye, na fungate ya siku saba ambazo hashiki kazi. Tumemwekea mtu mkono wa kuingilia kwenye ndoa. Wa kutokea hatukumwekea.

Binti yangu talaka yake ilikuja kwa ujumbe wa simu, karatasi ikafuata. Alifika nyumbani na kabati lake, meko yake na watoto wawili. Chumba chake cha usichana kilikuwa kimeshajazwa makopo ya rangi tuliyoyatoa stoo ya duka. Akalala humo, baina ya makopo. Watu walikuja, sisemi hawakuja. Lakini walikuja na maswali: amekosana naye nini, kaacha yeye au kaachwa, mwanamume ana mwengine? Aliyefiwa anapewa pole. Aliyeachwa anahojiwa. Baada ya wiki ya maswali hayo akawa hatoki chumbani, na hakuna mtu aliyemwekea siku ya kutoka.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba dini yetu haikumwacha hivyo. Mtalaka naye ana eda, tohara tatu kama hana mimba. Kama ni talaka rejea, Kurani imekataza asitolewe nyumbani mpaka eda yake iishe, na matumizi yake katika muda huo ni juu ya mume. Ametajiwa pia kitu cha kumliwaza. Yote haya yanasomeshwa madarasani. Lakini angalia mitaa yetu uniambie ni wangapi wanaokaa eda ya talaka katika nyumba ya ndoa. Karatasi ikitoka asubuhi, adhuhuri gari ya mizigo iko mlangoni. Tumeshika eda ya kifo kwa nguvu zote na eda ya talaka tumeiacha njiani.

Nilichofanya nitakieleza, kwani mtu mwengine anaweza kukifanya kesho. Nilipika. Nilipika wali na mchuzi wa nyama sufuria ya matanga, nikawaita shangazi zake na majirani, na nikawaambia mlangoni kwamba humu ndani leo hakuna swali. Wakala, wakakaa naye. Nikamwita na somo wake, aliyemfunza alipokuwa anaolewa. Bibi yule sasa ni mtu mzima sana, anatembea na mkongojo, lakini alikuja na mkeka wake. Alimwambia, "Mwari wangu, nilikuingiza kwa fungate na nitakutoa kwa fungate." Akakaa naye siku zake saba. Alimsugua mwili kwa singo kama alivyomfanyia wakati ule, akamsuka nywele, akamwacha alie. Siku ya mwisho alimwambia atafute karatasi na kalamu.

Waliandika nini? Waliandika mahari yaliyobaki, vitu vilivyokuwa bado kwa mwanamume, matumizi ya watoto, ada za skuli, majina ya watu walioshuhudia. Daftari jengine la madeni, ukipenda. Nalo likapelekwa kwa Kadhi. Wanawake wasiojua waanzie wapi wajue kwamba Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, hutoa msaada wa kisheria, na kesi za namna hii wanazifahamu vizuri. Asubuhi binti yangu akawa na kazi ya kufuata, na usiku akalia. Baada ya muda alianza kushuka Darajani na makopo ya rangi, mawili mawili, kuyauza. Chumba kikawa kinafunguka kadiri duka linavyouza. Leo anayechanganya rangi dukani ni yeye, na wanawake wanaopaka nyumba zao wanakuja kwa ajili yake.

Mji huu unawakumbuka walioanza upya, ila unawakumbuka kwa mwisho wao. Siti binti Saad alitoka Fumba akaingia mjini mwaka 1911, mwanamke aliyekwisha kuolewa na kuachika, muuza vyungu. Tunachokisimulia ni mwaka 1928, alipokwenda Bombay kurikodi santuri na sauti yake ikaenea pwani nzima. Baina ya miaka hiyo miwili kuna siku nyingi za mwanamke mgeni mjini anayejifunza kuimba na kutafuta pa kukaa. Ningependa watoto wetu wasomeshwe siku hizo kama wanavyosomeshwa santuri.

Yako mabadiliko magumu kuliko yangu na ya binti yangu, nayo ni yale yasiyo na tarehe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander iliyotoka bandarini hapa kwetu Malindi kwenda Pemba ilizama karibu na Nungwi. Ilikuwa imepakia kupita kiasi. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, mamia wakafa, na wengi hawakuonekana tena. Viwanja vya Maisara vilijaa mahema na watu wakipita kutafuta watu wao. Waliowaona waliwazika. Wasiowaona walirudi nyumbani na nini? Mwaka haujatimia, Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, na wengine wakaingia katika hali ileile.

Msomi wa Marekani Pauline Boss alianza kuichunguza hali hii miaka ya 1970, kwa wake wa wanajeshi waliopotea vitani Vietnam. Aliona kwamba kupoteza mtu bila kujua yuko wapi kunamfunga aliyebaki: hawezi kulia akamaliza, hawezi kungoja akatulia. Hata jamaa hawajui wamwambieje. Ushauri wake si kumlazimisha mtu aamini moja. Ni kumruhusu abaki na yote mawili, kwamba huenda amekufa na huenda hakufa, huku maisha ya watoto yakiendelea. Huku kwetu kuna njia nyengine inayokwenda sambamba na hiyo. Kesi ya aliyepotea hupelekwa kwa Kadhi; Kadhi akitazama dalili na kuhukumu kifo, eda huhesabiwa. Naona watu wengi hudhani hukumu ile ni ya mirathi tu. Kwa mke ni zaidi ya mirathi: amepewa tarehe. Sala ya maiti asiyekuwapo nayo inafanya kazi hiyohiyo. Watu wanasimama safu, wanasali, na pale palipokuwa na swali tupu panakuwa na siku inayoweza kutajwa.

Na watu wa mashariki ya kisiwa, bahari imewapa badiliko lisilokuwa na siku kabisa. Ukipanda gari ya 309 ukashuka Paje au Jambiani wakati wa bamvua, utawakuta wanawake wameinama majini na vigingi na kamba. Mwani wa kulima ulianza huko mwaka 1989. Wanawake ambao hawakuwahi kushika pesa yao wenyewe wakanunua mabati, sare za skuli, vitanda. Ndugu zangu wa Paje ndivyo walivyojenga. Aina yenye bei nzuri ni ile wanayoiita kotonii, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanza kufa mikononi mwao. Maji ya kina kifupi yamezidi joto. Tawi linageuka jeupe, linalainika, linakatika. Imebaki spinosum, inayostahimili zaidi lakini ya bei ndogo, nayo sasa ina misimu yake ya kuugua.

Hakuna asubuhi ambayo mtu wa Paje aliamka akaambiwa leo mwani umekufa. Alipata mavuno mabaya, akasema ni msimu. Akapata mengine mabaya. Jamaa zangu wengine walikaa miaka wakifunga mbegu ileile mahali palepale, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu hapakuwa na siku ya kulia wala ya kuanza upya. Waliobadilika naona walibadilika kwa vikundi. Mtafiti Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari aliyaleta kwa wakulima mambo mawili: kulima kwenye maji ya kina zaidi kwa mwani uliotiwa ndani ya nyavu zenye umbo la bomba, na kusaga mwani wenyewe wakatengeneza sabuni badala ya kuuza mkavu tu. La sabuni lilishika haraka. La maji makuu lilikuwa zito, maana wengi wa wanawake hawa walizaliwa ufukweni na hawajui kuogelea, na vyombo vya baharini ni vya wanaume. Jambiani wapo waliogeuka kuwa wakulima wa sponji, zile za kuogea, nao ilibidi wajifunze kuogelea wakiwa watu wazima, na nguo zao zote mwilini, na miwani ya maji usoni. Sponji inataka miezi mingi hadi kuvunwa, kwa hiyo lazima mwengine akukopeshe subira. Hapo ndipo kikundi kinapofanya kazi ya jirani yangu wa uji.

Mwaka 2020 ndege za watalii ziliposimama kwa sababu ya korona, vijana wa hoteli za pwani hiyo walirudi kwa mama zao. Wengine walichukua kamba na vigingi kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Wale waliokuwa na kikundi cha kurudia, cha uvuvi, cha mwani, hata cha upatu wa mama zao, walipita mwaka ule. Waliokaa peke yao vyumbani mjini wakingoja simu ya meneja walikonda.

Wapo ambao yote haya hayawatoshi, na ni vizuri tulijue bila ya aibu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika 2022, limeingiza msiba usiokwisha kuwa ni ugonjwa: huzuni kali ya kila siku inayomzuia mtu kuishi, iliyopita miezi 6 na kupindukia kile ambacho mila na dini yake inakitarajia. Mtu wa hivyo anahitaji daktari. Kidongo Chekundu, hapa Unguja, ni hospitali ya maradhi ya akili, na jina lake lisimtishe mtu. Dalili za kuangalia ni za kawaida: haogi, hali, anasema heri angekwenda yeye, watoto hawaangalii. Ukimsikia anazungumza habari ya kujidhuru, usingoje arubaini. Mpeleke siku hiyohiyo.

Mtaani kwetu sasa tumekubaliana wanawake wachache. Sufuria kubwa za matanga ziko kwangu, na zinatoka kwa talaka kama zinavyotoka kwa kifo. Aliyerudi kwao anapikiwa siku tatu. Anayekwenda kumwona anakwenda na kitu mkononi, na swali analiacha nje. Siku ya tatu mmoja wetu anakaa naye na karatasi, wanaandika anachodai na anachodaiwa. Baadhi ya wazee walinung'unika kwamba tunasherehekea talaka, nikawajibu kwamba wali wa matanga hausherehekei kifo. Mwezi uliopita zilikwenda Mkunazini, kwa msichana aliyerudi na mtoto mchanga, na aliyezibeba kichwani ni binti yangu.